Muuza Nyama Aliyeogopa Kupasuliwa

Walimwita Shoka, na jina lilimkaa. Maisha yake yote ya utu uzima alisimama nyuma ya gogo la kukatia nyama, aproni imelowa, mdomo haupumziki. Mteja akinung'unika kwamba mifupa imezidi, alimjibu, "Ng'ombe wangu alikuwa anatembea, dada, hakuwa anatambaa." Watu walicheka, wakaondoka na mifupa yao.

Mkewe alikaa upande wa mizani. Ndiye aliyeona kwanza kwamba aproni sasa inamzunguka mumewe na kubaki, kwa jinsi alivyokonda. Akampeleka hospitali, mume akienda shingo upande. Picha zikaonyesha uvimbe kwenye ini, mdogo, umekaa pembeni. Ilikuwa kansa.

"Una bahati, mzee, umewahi," alisema daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. "Tunaukata wiki ijayo."

Shoka akacheka. "Daktari, mimi nimepasua ng'ombe tangu nikiwa kijana. Sijaona hata mmoja aliyefunguliwa tumbo akaamka."

"Wale wameshachinjwa, baba watoto!" mkewe akamkemea.

"Ndiyo maana sitaki kufuata njia yao."

Ulikuwa woga mtupu, na mkewe aliujua. Mwanaume aliyeshinda na damu hadi kwenye viwiko alikuwa anatetemeka kwa kutajiwa mshono. Wiki iliyofuata hakwenda.

Halafu mkewe akasikia redioni habari za tiba mpya. Mawimbi ya sauti, ndugu wa yale yanayompiga picha mtoto tumboni ila haya yana nguvu zaidi, yanaelekezwa kutoka nje ya ngozi mpaka yakutane ndani ya uvimbe na kuuharibu. Hakuna kisu, hakuna kidonda. Hospitali ile ile ilikuwa inatarajia kuletewa mashine hiyo. Mama wa watu aliacha sufuria jikoni, akakimbia kumweleza mumewe. Alifurahi kama mjinga.

"Umeona?" Shoka akasema. "Nilijua kuna watu wenye akili duniani. Nangoja mashine."

Daktari alipiga simu mwenyewe. Mashine haina tarehe, alisema, na kansa haiwezi kuombwa isubiri. Mkewe alibembeleza, alilia, alinuna. Shoka akamtania, "Una haraka gani ya kunizika? Kuna mtu amekuposa?" Mkewe akacheka bila kutaka. Kicheko kile hajawahi kujisamehe mpaka leo.

Mvua zikaja, zikaisha. Mashine ilipofika, Shoka alivaa shati lake la sikukuu. Chumba kilikuwa cheupe, baridi, na juu ya kitanda mkono wa mashine ulining'inia na mfuko wake wa maji wa kupitishia mawimbi. Daktari yule yule alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kwanza kifaa kidogo cha kutazamia. Akatazama skrini. Akarudia. Mkewe alielewa kabla hajaambiwa.

"Mzee, mashine hii inafaa uvimbe mdogo, tena usiwe sehemu nyingi," daktari alisema polepole. "Wako umeenea ini lote, na umeingia kwenye mshipa mkubwa. Haitakusaidia."

Shoka aliutazama ule mkono wa mashine. Kisha akafungua vifungo vilivyobaki vya shati, akajiacha wazi kifua na tumbo.

"Basi nipasue. Nimekubali. Hata sasa hivi."

Daktari akavua miwani. "Hata kisu hakitasaidia tena, baba."

Mkewe ndiye aliyemfunga vifungo, akivikosea matundu. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumzaba kofi, na hakufanya lolote kati ya hayo.

Siku hizi mkewe ndiye anayesimama kwenye gogo. Shoka hukaa kwenye stuli karibu na mizani, macho ya manjano, amevaa koti juani. Juzi mteja mmoja aliagiza nusu kilo ya maini. Mama akaliweka ini juu ya gogo, na mkono ukakataa.

"Kata, mama watoto," Shoka akasema kwa upole. "Usiogope kisu."

Mteja aliwatazama wote wawili, akingoja wacheke kama zamani. Mama akakata. Alipopima, maini yalizidi nusu kilo. Akayafunga hivyo hivyo, bila kukata tena.