Chai ya Usingizi ya Giteranyi

Layla binti Mahmudu alizaliwa kwenye cherehani. Baba yake alikuwa fundi nguo mjini Muyinga, na hata vita vilipowafanya wakimbilie Tanzania, mashine ilitangulia, watoto wakafuata nyuma. Amani ilipopatikana wakarudi wote, na shangazi Kadidja, aliyemlea Layla kule kambini, akaenda kukaa Giteranyi kwenye shamba la marehemu mumewe. Lakini maskini Kadidja alirudi mwili tu. Hakupata lepe la usingizi. Anafumba macho, anashtuka. Anafumba tena, anashtuka. Alikonda hadi kitenge kikamzunguka mara mbili, na Layla alikuwa tayari kutoa chochote ili shangazi yake alale.

Ndipo akatokea Moïse Zihalirwa, Mkongomani wa Kivu Kusini, mwalimu wa saikolojia huko Gitega. Watu walimwita Prof. Alimtaka mtu wa kuwauliza wanawake waliorudi wanalalaje, mtu wasiyemwogopa. Alikaribishwa kwa mzee Mahmudu, akapakuliwa pilau, akala akaongezwa, kisha akaeleza kwamba ana chai ya dawa ya usingizi. Wanawake wa juu ya kilima cha Giteranyi wangepewa hiyo. Wa bondeni wangepewa chai ya kawaida tu.

"Sasa wa bondeni wamekosa nini?" Layla akauliza.

"Hapana kukosa, Layla. Bila kulinganisha, tutajua je? Ni dawa ndiyo imewalaza, ao ni siku tu zimepita? Science iko vile."

"Shangazi yangu anakaa juu."

"Voilà! Basi iko na bahati."

Layla akashika baiskeli, akaanza kazi ya kugawa chai na kuuliza, wa juu akiwaambia ni dawa. Sasa, nani asiyewajua mama zetu hawa? Mwulize mwanamke aliyefunzwa adabu amelalaje, atakujibu, "Alhamdulillah, nimelala," hata kama amekesha akihesabu mabati. Humwagii mgeni shida zako hajakaa hata kitako. Layla alilijua hilo fika. Kwa hiyo bondeni, kwa wale wa chai tupu, alhamdulillah hakuikubali. Aliketi mkekani, akasaidia kuchambua maharage, kisha akasema, "Mama, niambie ukweli." Na ukweli ukatoka, na machozi juu yake.

Kule juu, alhamdulillah ilimtosha. Si wamekunywa dawa? Shangazi naye, "Nimelala, mwanangu, nimelala kabisa." Layla anaandika, anapanda baiskeli, moyo mweupe pe!

Kazi ilipokwisha, Prof akamwita Gitega kwenye mkutano wa wasomi. Layla akaenda na gauni jipya aliloshonewa na baba yake. Prof akasimama mbele, akasema bila hata kukohoa: chai ilikuwa moja. Dawa haikuwepo, si juu, si bondeni. Aliyekuwa akipimwa ni muulizaji. "Tulimwambia wa juu watalala, na yeye akakuta wa juu wanalala!" Ukumbi ukaangua kicheko. Jamani! Uso wa Layla ulimshuka, akatamani ardhi immeze na gauni lake.

Akamkabili nje. "Prof, ulikula kwetu."

"Layla, usikasirike. Ningekuambia, jaribio lingekufa. Haukufanya mubaya. Kila mutu anasikia kile anangojea, hata mi. Ndiyo maana siku ingine muulizaji hatajua nani alikunywa nini."

"Hilo nimelielewa, sina shida nalo. Shida yangu ni wale mama. Umenituma niwadanganye kwa mdomo wangu, walioniamini kwa sababu ya baba yangu. Elimu yako ina haki yake, Prof. Wewe huna."

Prof akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Na mimi nasema Layla alimhurumia. Mtu aliyekuchezea shere mchana kweupe, mbele za watu, tena tumboni ana pilau la mama yako, alistahili maneno mazito kuliko hayo.

Njia nzima ya kurudi Muyinga alilia kwa hasira. Kitu kimoja tu kilimtuliza: angalau shangazi analala, hata kama ni kwa chai tupu. Alijua kwamba akimwambia ukweli, usingizi huo huenda ukakimbia. Lakini kunyamaza kungemfanya awe Prof wa pili. Basi alipofika Giteranyi akamwambia yote, mlangoni, baiskeli bado ameishika.

Kadidja hakushtuka. Aliendelea kufagia uwanja.

"Mimi ile chai haijanilaza hata siku moja," akasema.

"Shangazi! Si ulikuwa unaniambia umelala?"

"Ulikuwa unakuja mbio, uso unacheka, hujashuka hata baiskeli: 'Umelala, eeh, shangazi?' Ningekujibu nini?" Akaegemeza ufagio ukutani. "Nikasikia bondeni unakaa nao, unachambua nao maharage, wanalia, unawafuta machozi. Watu baki. Mimi niliyekulea ulikuwa unanipita tu. Nikasubiri, Layla. Nikasubiri na mimi uniulize."