Chai ya Moshi Iliyofika Riruta

Jumapili moja mwaka wa hamsini na tatu, pale Riruta, mwanamke mmoja aliamriwa anywe kikombe cha chai huku ameelekezewa bunduki.

Chai tu. Si sumu, si pombe.

Na ikamshinda.

Aliyeipika ni nyanya yangu, Peres. Tena aliyeileta pale Riruta ni yeye yeye. Amenisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila akifika mahali fulani hunyamaza, kisha huniuliza kama nimefunga mbuzi. Mimi sina mbuzi, naishi ghorofani. Kwa hiyo wacha niwape yote leo, mbuzi wajifunge wenyewe.

Siku zile Peres alikuwa mwanamke kijana kutoka Maragoli, kule magharibi, mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo ndiye mama yangu, Selpher. Mumewe Lazarus alikuwa fundi seremala, na walikuwa wamepanga chumba Riruta, kwenye ploti ya mama mmoja mjane aliyeitwa Wangu.

Wiki nzima Peres alishinda na kulala Kitisuru, kwenye nyumba ya mzungu. Jumapili ndiyo alipata ruhusa ya kurudi kwa mumewe.

Mzungu mwenyewe alikuwa mama mzee, Memsahib Pringle. Mume amekufa, watoto wako kwao Uingereza. Hakupenda mbwa, hakupenda farasi. Alipenda chai.

Wacha nikwambie, kuna kupenda chai na kuna ugonjwa. Kabati lake lilijaa mikebe. Akishuka mjini, anaingia duka la Mhindi pale Bazaar Street, anarudi na majani ya nchi ambazo Peres hakujua kama zipo.

Shida yake ilikuwa moja: hakuwa na mtu wa kunywa naye. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, wapiganaji wa kudai ardhi wamejificha msituni, na wake wa wazungu majirani walikuwa wanatembea na bastola kwenye mikoba. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukaa mezani kulinganisha majani.

Basi siku moja akamwita Peres.

"Peres, kuja. Onja hii. Hapana tia maziwa. Hapana tia sukari."

Peres akaonja. Akajua moyoni kwamba mzungu huyu amempa maji ya kuoshea vikombe.

Kwao Maragoli chai ni maziwa, maji, majani na sukari, vyote sufuria moja, inachemka mpaka inapanda na kutaka kumwagika. Hii nyingine ilikuwa nyepesi hata unaona chini ya kikombe. Lakini mwajiri akisema onja, unaonja.

Akaonja tena kesho yake. Na keshokutwa.

Taratibu ulimi ukaanza kufunguka. Kulikuwa na chai ya milima ya India, rangi ya asali, ukishaimeza ndipo harufu ya maua inakuja puani. Kulikuwa na ya Seloni, changamfu, inayotaka kunywewa asubuhi. Kulikuwa na ya kijani kutoka China iliyomkumbusha maji ya kunde, na hiyo hakuwahi kuipatanisha na roho yake. Na kulikuwa na ya hapa hapa Limuru, nyekundu, kali, iliyopandwa kwenye udongo ambao wenyeji wenyewe hawakuruhusiwa kupanda chai.

Memsahib anauliza, "Hii nasema nini?"

Peres anafikiri kidogo, halafu anajibu, "Hii inasema mvua imeisha."

Mama yule anacheka mpaka anakohoa. Nyanya husema hajawahi kuwa na kazi nzuri kama ile, na akisema hivyo sura yake haifurahi.

Siku moja ukafika mkebe mweusi kutoka China. Memsahib akaufungua, akanusa, uso ukakunjamana.

"Mbaya. Nanuka nyama ya nguruwe. Wewe chukua yote."

Majani yale yalikuwa yamekaushwa juu ya moshi wa kuni za msonobari. Peres akajipikia kikombe kule jikoni, akanywa funda moja, machozi yakamtoka. Ilikuwa harufu ya jiko la mama yake. Mama aliyezikwa mwaka uliotangulia, na Peres hakupata nauli ya kufika matangani.

Kitu kizuri kama hicho huwezi kunywa peke yako. Akamkumbuka Waceke.

Waceke alikuwa mke wa Jamleck, mwana wa Wangu. Jamleck alikuwa amechukuliwa na askari akapelekwa kizuizini hata mwaka wa ndoa haujaisha, mtoto hajapatikana. Waceke akabaki na mama mkwe wake kwenye nyumba ya mbele. Yeye ndiye aliyempokea Peres Riruta, akamwonyesha pa kuteka maji, akamshikia mtoto akiwa na homa. Urafiki wao ulikuwa wa kuazimana chumvi bila kubisha hodi.

Peres akamimina majani kwenye karatasi ngumu ya sukari, akafunga kwa uzi wa buluu wa kushonea mapazia, fundo la kwao, lile la kufungia mbegu. Jumapili akampelekea.

"Usitie maziwa, Waceke. Onja kwanza hivyo hivyo."

"Asante, Mama Selpher. Nitapika jioni."

Jumapili iliyofuata Peres akauliza, "Uliionaje?"

"Tamu sana. Hata mama ameisifu."

Akauliza Jumapili nyingine tena, na nyingine. Kila mara tamu, kila mara asante. Peres akarudi Kitisuru moyo umejaa, akijua kuna mtu mwingine duniani anayekunywa jiko la mama yake.

Sasa njoo kwenye hiyo Jumapili.

Watu walikuwa wametoka kanisani. Peres alikuwa anaanika nepi wakati lori liliposimama barabarani. Akashuka afisa mmoja mzungu, kijana, pua imebabuka kwa jua. Nyuma yake homugadi, yaani wenyeji waliobeba silaha upande wa serikali, na mbele yao kiongozi wao Ephantus, mtu wa Riruta hapo hapo, aliyejua kila nyumba na kila ugomvi.

Walipekua nyumba ya Wangu. Waligeuza vitanda, wakamwaga unga. Majirani wakajipanga kwenye ua kutazama, maana hofu na udaku hulala kitanda kimoja.

Homugadi mmoja akatoka na kifurushi. Alikuwa amekitoa chini ya sanduku la nguo.

Afisa akanusa. Akakunja uso vile vile kama Memsahib.

"Hii kitu gani?"

Waceke akasema, "Ni chai, Bwana."

Afisa akacheka. Chai gani nyeusi hivi, imejisokota, inanuka moshi? Siku zile moshi ulikuwa kesi. Mtu akinukia moshi wa msituni alishikwa barabarani, akaulizwa amelala wapi. Na dawa za kula kiapo cha hao wapiganaji zilikuwa zikitafutwa mpaka kwenye vibuyu vya maziwa. Waliopatikana nazo walipanda lori, na wengine mpaka leo hatujui waliteremkia wapi.

"Hii dawa ya kiapo," afisa akasema. "Weka yeye kwa lori."

Peres akaangusha nepi. Hakufikiri, na hilo husema mwenyewe: miguu ilimpeleka kabla ya akili.

"Bwana, hiyo ni chai. Mimi nilileta. Memsahib wangu wa Kitisuru alinipa."

"Memsahib iko Kitisuru. Mimi iko hapa."

"Nipe maji ya moto, Bwana. Nitapika uone."

Afisa akamwangalia mwanamke huyu na mtoto wake mgongoni, akaona labda ni mchezo wa kupumzikia jua. Akamtupia kifurushi.

Peres akakidaka. Akataka kufungua uzi, vidole vikakwama.

Fundo lilikuwa lake.

Si fundo lililofunguliwa likafungwa tena. Lilikuwa lile lile, fundo la mbegu la Maragoli ambalo hakuna mtu wa Riruta angelijua kulifunga, uzi umeshika vumbi. Kifurushi hakikuwahi kufunguliwa.

Akainua macho akamtazama Waceke. Waceke akatazama chini.

Hapo ndipo Peres alipoelewa. Mjini watu walinong'ona kwamba walioapa hawanywi bia ya mzungu, hawavuti sigara yake. Na upande ule wa Riruta ilisemwa hawaweki mdomoni chochote kilichotoka nyumbani kwa mzungu, kwani kiapo kitamgeukia mtu kimuue. Yeye alikuwa akiyasikia kama mambo ya watu wa mbali. Kumbe alimletea rafiki yake kifo kwenye karatasi ya sukari, na rafiki yake anasema asante ili asimvunje moyo.

Lakini maji yalikuwa yameshapata moto jikoni kwa Wangu.

Akapika. Hata katika hofu ile hakuweza kuyachemsha majani. Aliyaacha yakae, akafunika, akasubiri, kama alivyofundishwa. Harufu ikajaa ua mzima. Akamimina, akanywa kikombe chake mpaka chini mbele ya bunduki.

"Umeona, Bwana. Ni chai."

Afisa alikuwa anaelekea kukubali. Ni Ephantus aliyekohoa.

"Bwana, huyu ni mtu wa magharibi, kiapo si chao. Yeye anakunywa tu, haina neno. Kama ni chai, wacha aliyeificha akunywe."

Ephantus alijua anachofanya. Alikuwa mtoto wa Riruta, alijua sheria zile kuliko afisa wake.

Kikombe kikawekwa mbele ya Waceke, aliyekuwa ameketishwa chini. Bunduki ikainuka. Waceke akakitazama, mikono imelala mapajani, haiinuki.

"Kunywa," afisa akasema.

Kikombe hakikuguswa.

Na hapa ndipo nyanya yangu hunyamaza na kuulizia mbuzi.

Peres alitafuta neno, neno lolote la kumwokoa, na lililokuja kwanza ndilo alilolisema.

"Bwana, huyu ana mimba. Harufu ya moshi inamtapisha."

Ua wote ulisikia. Majirani walisikia, Wangu aliyeketi mlangoni alisikia. Ephantus akasikia, na tabasamu likamjia polepole.

"Mimba? Mume wake tulimchukua mwaka jana."

Homugadi wakacheka. Mwanamke mmoja pale uani akaweka kiganja mdomoni. Peres akaona alichokifanya, na akatamani ardhi immeze. Alikuwa amemtoa rafiki yake kwenye lori akamtupa kwenye midomo ya watu, na habari ya namna hiyo hufika hata kizuizini. Jamleck angeipata kabla mwezi haujaisha.

Afisa akapunga mkono. Mambo ya umalaya hayakuwa kazi yake. "Wacha yeye," akasema, akageuka.

Waceke alikuwa huru. Angekaa tu pale, kimya, lori lingeondoka.

Akasimama.

"Sina mimba," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi ni mke wa Jamleck."

Akachukua kikombe, akanywa. Alikunywa taratibu, funda baada ya funda, macho yake yakiwa kwa mama mkwe wake, mpaka kikombe kikabaki na majani. Kisha akakigeuza ili kila mtu aone.

Tabasamu la Ephantus likaondoka. Hakuna aliyesogea.

Wangu akanyanyuka pale mlangoni. Alikuwa mwanamke mkali, wa maneno machache, ambaye hata kodi aliiomba kwa macho. Akatembea mpaka jikoni, akachukua kikombe cha bati, akakinyoosha kwa Peres.

"Nitilie."

"Mama, hakuna aliyekuambia unywe," Peres akanong'ona.

"Nasikia kiu."

Peres akamimina. Wangu akanywa yote amesimama, akipangusa mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Halafu akamwuliza Ephantus kwa upole kama naye atapenda kikombe, au lori linamngoja.

Lori likaondoka.

Peres alianguka magotini mbele ya Waceke. Aliomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaragoli, kwa sababu Kiswahili kilimwishia. Waceke akamwinua.

"Unajua ni nani alinishika mkono siku ile nilipoapa?" akamwuliza. "Unajua ni nani aliniambia, ukigusa chao utakufa, na mimi mwenyewe nitakuzika bila kulia?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Wangu alikuwa anaokota unga uliomwagwa, akiupuliza mchanga.

"Ni yeye."

Wangu hakugeuka. "Sasa kiapo kikitaka kuua kitukute wawili," akasema. "Sitaki mtoto wangu afe peke yake."

Hawakufa. Walingojea jioni ile wakiwa wamekaa kizingitini, bega kwa bega, na Peres akaketi nao kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda na aibu yake. Wiki zikapita. Jamleck alirudi baada ya miaka, amekonda, akamkuta mkewe na jina lake zima. Wangu alizikwa mzee kabisa, na Waceke alilia sana.

Urafiki ulibaki, ila Waceke hakuigusa chai tena, ya aina yoyote. Peres naye hakumuuliza tena kama kitu ni kitamu.

Mimi sina elimu ya kuwafundisha watu wazima. Nyanya ndiye husema: ukimpa mtu zawadi, mtazame akiifungua. Asipoifungua mbele yako, usijisifu kwamba umetoa. Muulize taratibu anaogopa nini, tena muulize mkiwa wawili, kabla mwenye bunduki hajaja kumuuliza mbele ya watu.