Ujumbe wa Sauti wa Mchuma Chai

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye ofisi ya msimamizi wa shamba moja la chai karibu na Kyimo, akaingia mama mmoja mchuma chai. Asubuhi alikuwa amemtumia msimamizi ujumbe wa sauti, akimweleza ugonjwa wake na kuomba ruhusa ya kwenda kliniki. Msimamizi akaurusha kwenye kundi la simu la wafanyakazi wote.

"Bosi, nilikueleza wewe peke yako."

"Nilitaka wenzako wajipange tu, mama. Nimeshaufuta."

"Kwenye simu umeufuta. Masikioni mwao utaufutaje?"

Mama akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akaondoka. Hajarudi kazini.

Msimamizi anajuta, nami namwamini. Ila siku hizi wachumaji wake wakiugua, huomba ruhusa ya kwenda msibani.