Vitunguu vya Sebuleni na Matikiti ya Mstari wa Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa mahakama, na kazi yake ilikuwa kuandika waliyosema wengine. Mtaani walimwita Korti. Hakuwahi kumhukumu mtu, kumtetea wala kumshtaki, lakini alistaafu akiwa na mwendo wa mtu aliyezoea watu wasimame akiingia. Ukweli ni kwamba walikuwa wakisimama kwa ajili ya hakimu aliyekuwa nyuma yake.

Mkewe alikuwa mkunga na bado alikuwa na miaka minne kazini. Watoto wao wawili walishajitegemea. Kwa hiyo asubuhi, mkunga akishaondoka na sare yake, Korti alibaki na nyumba, redio, na robo eka nyuma ya jiko ambayo dada yake mkubwa alikuwa akilimia mboga za kuuza sokoni.

Ugonjwa wa vitunguu aliupata kwenye karamu ya kumuaga. Mpishi wa hoteli alikata kitunguu kibichi vipande vyembamba, akakiweka mezani bila hata kukichovya kwenye siki. Korti alikitafuna, akasubiri pua iwake, haikuwaka. Akaenda mpaka jikoni kumuuliza mpishi, akaambiwa kuna vitunguu vitamu, vya kuliwa kama tunda. Alirudi nyumbani akiwa amenyamaza. Mkewe alidhani ni huzuni ya kustaafu.

Alivilima kama anavyoandaa jalada la kesi. Alinunua faili jipya, akapanga kurasa: udongo, kitalu, maji, mashahidi. Mashahidi walikuwa bwana shamba na yeyote aliyewahi kulima kitunguu. Miche ilipofikia unene wa penseli aliihamisha kwa rula, sentimita kumi kati ya mche na mche. Dada yake, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akipima kwa kiganja, alikuja kutazama. Aliona kaka mtu kapiga magoti kwenye matope na rula mdomoni, akarudi zake sokoni.

Lakini mtu apewe haki yake: vilikubali. Majani yalipolala aliacha kumwagilia kama alivyoelekezwa, akang'oa, akaanika kivulini mpaka shingo zikakauka. Vilikuwa bapa kidogo, rangi ya asali, vikubwa kama ngumi ya mtu mzima. Dada alimenya kimoja pale pale shambani, akakila chote amesimama.

"Mdogo wangu, umeweza," alimwambia. "Sasa viuze wiki hii hii."

Korti alimweleza kwamba hana haraka. Sokoni vitunguu vilikuwa vimejaa. Angevihifadhi miezi minne, mpaka viadimike. Dada akamfafanulia taratibu, kama anavyomfafanulia mteja mgumu, kwamba kinachofanya kitunguu kiwe kitamu ni maji, na maji hayo hayo ndiyo yanayokiozesha. Kinachokaa ni kile kikali, kikavu, kinachokutoa machozi. Korti aliandika yote hayo chini ya kichwa "Mashahidi", akapiga mstari kwa rula, akafunga faili.

Chumba chenye hewa kuliko vyote kilikuwa sebule, kwa kuwa ina madirisha mawili yanayotazamana. Makochi yakatolewa barazani. Korti akafunga rafu za wavu wa kuku, ngazi sita kila ukuta, akavipanga vitunguu kimoja kimoja, kisiguse mwenzake. Feni ikawashwa, ikabaki hivyo usiku na mchana. Wageni walikaa nje, jua likihama nao wanahama.

Mkunga alirudi siku hiyo kutoka wodi ambako kinamama wawili wawili walikuwa wakilala kitanda kimoja. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akatazama rafu, kila kitunguu kimepewa nafasi yake na upepo wake.

"Na mimi nimepangiwa rafu ipi?" aliuliza.

Korti alimwambia kwa upole kwamba ni kwa miezi minne tu. Mkunga akaenda kunywa chai jikoni, kwenye kigoda. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, kilining'inia kikapu cha vitunguu vidogo vyekundu alivyopewa na wifi yake. Havikuwa na feni wala faili.

Kila asubuhi Korti aliita mahudhurio. Alipita rafu kwa rafu akibonyeza shingo kwa kidole gumba na kuandika. Wiki ya tano kimoja kilikuwa laini; akaandika "mgonjwa" na kukitoa. Wiki ya sita walikuwa kumi na wawili. Wiki ya saba fundi cherehani wa jirani alipita barazani, akauliza kwa adabu kama kuna panya aliyefia darini. Korti akageuza feni ielekee upande wa pili. Wiki ya tisa hapakuwa na upande wa kuielekeza.

Siku yake ya mapumziko mkunga alifungua madirisha yote, akatoa glavu kwenye mkoba wa kazini, jozi mbili, moja akampa mumewe. Walibeba ndoo mpaka mchana, wakazimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Vilivyonusurika, theluthi hivi, dada alivipeleka kwa wenye migahawa, akaviuza siku hiyo hiyo. Mwezi mmoja baadaye vitunguu viliadimika kweli kama Korti alivyotabiri. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi: alikuwa sahihi. Jikoni kwake walikuwa wakipikia vile vyekundu vya kwenye msumari, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimelainika. Alikuwa akipita pale bila kuinua macho.

Baada ya hapo alilegea. Aliacha kunyoa. Faili alilitia uvunguni. Mkunga aliporudi saa kumi jioni alimkuta bado na fulana ya kulalia, redio imewashwa na yeye hasikilizi. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kutofautisha mtu anayelia na mtu aliyenyamaza vibaya, na huyu wa pili ndiye aliyemtia hofu. Akamwendea wifi yake sokoni.

Kesho yake dada mtu alikuja na shida. Alisema ardhi imekaa bure, anataka kupanda matikiti, ila hizi mbegu za siku hizi zinamchanganya, hajui achague aina gani. Mwanamke huyu alikuwa ameuza matikiti tangu Korti akiwa karani mwanafunzi. Angeweza kuligonga moja kwa kidole na kukuambia limechumwa lini. Lakini alikaa pale amejiinamia kama mtu asiyejua tikiti na boga. Korti akamsikiliza. Mwishowe akainama, akavuta faili uvunguni.

Kwenye duka la pembejeo alisoma kila pakiti iliyokuwapo. Alirudi na aina tano: refu lenye mistari na ganda gumu la kustahimili lori, la mviringo la kijani kibichi, lenye nyama ya njano, dogo la kukaa kwenye kiganja, na moja ambalo picha yake ilimkaa moyoni, jekundu ndani kama mdomo wa bibi harusi. Hili la mwisho alilipa mstari wa nne, penye udongo bora. Kila mstari mashimo kumi na manne. Akachomeka vijiti vyenye namba, akafukia mbegu, na kesho yake akasafiri siku mbili kufuatilia karatasi za pensheni. Siku mbili zikawa kumi na mbili, kwa sababu karani wa huko alikuwa likizo. Korti alikaa kwenye benchi akimsubiri karani, na inasemekana aliona ajabu jinsi watu wanavyosubirishwa.

Huku nyumbani, siku ya tisa, mistari minne kati ya mitano ilikuwa imeota. Wa nne ulikuwa mtupu. Mkunga alifukua shimo moja kwa kijiko, akakuta mbegu imekuwa uji. Akafukua la pili, vilevile. Alisimama pale akiwaza fulana ya kulalia. Kando ya shimo la taka, ambako walikuwa wakitupa maganda ya kila kitu, miche ya matikiti ilikuwa imejiotea yenyewe, imenona, haina habari na mtu. Aliihamisha kumi na minne, kila mmoja na donge lake la udongo, akaimwagilia, akafuta nyayo. Alimwambia wifi yake peke yake. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Korti alirudi, akahesabu, akaandika kwenye faili: "Mstari wa nne: kumi na nne kati ya kumi na nne." Akapiga mistari miwili chini yake. Na kesho yake asubuhi alinyoa ndevu.

Matikiti yalipokomaa aliita watu barazani kuonja. Walikuja fundi cherehani, kinyozi, mwenye duka la pembejeo na majirani wengine. Sahani zilikuwa na namba tu, ili mtu asivutwe na picha. La njano walilisifia rangi tu. La ganda gumu fundi alisema lingefaa soli ya kiatu. Sahani ya nne ikaisha, wakalamba vidole, wakauliza kama ipo nyingine. Korti alisimama, akawatajia jina la mbegu, akaeleza kwa nini aliichagua tangu mwanzo. Alieleza kwa dakika arobaini. Mkunga alikuwa akikusanya maganda.

Wiki hiyo mbegu ya mstari wa nne iliuzwa yote dukani. Wiki tatu baadaye wanunuzi walirudi, hakuna kilichoota. Mwenye duka akawaambia yeye ni muuzaji tu, aliyetoa ushahidi ni Korti. Ndipo wakaja barazani watu saba, fundi cherehani mbele.

Korti aliwapokea vizuri, akawakalisha kwenye makochi. Kisha akaanza kuwahoji. Mmefukia kina gani? Mmemwagilia mara ngapi? Aliwaonyesha ukurasa: kumi na nne kati ya kumi na nne. Mbegu ni ile ile, alisema, basi tofauti iko kwenye mkono wa mpandaji. Fundi, ambaye alikuwa amelima kabla hajajua kushika mkasi, aliinamisha kichwa kama mtu aliyekutwa na hatia.

Mkunga alikuwa jikoni akifunga viatu aende kazini. Alisikia yote. Akatoka na kiatu kimoja mguuni.

"Mstari wa nne haukuota, baba watoto," alisema. "Ile miche niliitoa jalalani."

Korti alitazama faili, akamtazama mkewe, na akauliza swali pekee ambalo karani angeuliza.

"Mingapi?"

"Kumi na minne."

Fundi cherehani alikohoa ili asicheke. Kinyozi hakuwa na kikohozi, akacheka. Korti alifunga faili, akawaomba wampe siku moja, akaingia ndani. Mkewe akamfuata.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeanza kunyoa tena," alimjibu, akavaa kiatu cha pili, akaenda kazini.

Kesho yake Korti alivaa suti ya kazini. Alipita nyumba zote saba, moja baada ya nyingine, na kila alipofika alikataa kukaa. Alifungua faili, akasoma kwa sauti ile ya zamani kwamba maelezo yake ya awali hayakuwa ya kweli, na kwamba aliyatoa akiamini ni ya kweli. Kwa fundi aliongeza kwamba anamwomba radhi kuhusu kina cha mashimo. Kisha akaenda dukani, akaomba pakiti moja, akaigeuza. Chini kabisa, upande usio na picha, kulikuwa na tarehe ya mwisho ya kupandwa, na ilikuwa imepita miezi kumi na saba. Yeye aliyesoma kila pakiti hakuwa ameusoma upande huo. Mwenye duka aliapa kwamba naye hakuuona. Walimwamini nusu, na kwa nusu iliyobaki akawapa watu wote mbegu nyingine bure.

Korti alidhani hatathubutu tena kutoka nje. Kumbe baada ya siku hiyo ndipo watu walipoanza kuja. Alipokuwa na uhakika walimsikiliza kwa adabu. Sasa walimletea pakiti zao azigeuze. Wengi waliomba mbegu za lile tikiti la jalalani, akawagawia, naye akapanda zake. Likatoka moja la mviringo, moja refu, jingine jeupe ndani na halina ladha. Bwana shamba akamweleza kwamba tikiti la namna hiyo hujui wazazi wake ni nani, na watoto hurudi kwa yeyote katika ukoo. Korti akaandika: "Baba: hajulikani." Mkewe alimwambia kwamba kazini kwao nafasi hiyo huwa wanaiacha wazi tu.

Kuhusu vitunguu alifika mahali pa kuelewana navyo. Alipanda vitamu matuta mawili, vikaliwa na kuuzwa ndani ya siku kumi tangu kuanikwa. Matuta yaliyobaki alipanda vyekundu vikali, akavisuka mashada na kuvitundika jikoni, na siku za kuvimenya alilia kama wengine.

Msimu wa matikiti ulipokaribia alifungua faili mbele ya mkewe, akamuuliza rasmi: aina ipi?

Mkunga alifikiri kidogo. "Ipi inaingia kwenye friji?"

Korti alishika kalamu asijue pa kuliandika hilo. Alikuwa amechunguza utamu, rangi, unene wa ganda na safari ya lori. Hakuwa amefikiria anayenunua tikiti analibebaje mpaka nyumbani, wala analiweka wapi akifika. Kesho yake alikwenda sokoni na futi ya kupimia aliyoazima kwa fundi cherehani, akasimama kando ya meza ya dada yake, akawa anaomba ruhusa kwa kila mwanamke anayepita kupima upana wa kapu lake. Dada alijifanya hamjui. Mama mmoja alimuuliza kama anashona makapu. Korti akamjibu kwamba hapana, anachagua mbegu. Yule mama alimtazama juu mpaka chini, kisha akatoa nyanya zake kapuni, moja moja, ili apime vizuri.