Kapasita Aliyoiokota Musa

Juzi chaja ya mjukuu wangu iliungua ukutani. Harufu yake, yenye uchachu, kama samaki mkavu aliyesahauliwa motoni, ilinirudisha Newala, kwenye kibanda cha Mjomba Issa, fundi redio.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinitoa Kitangari akanikabidhi kwa kaka yake, maana kwetu Wamakonde wakati ule mtoto alikuwa wa ujombani. Ufundi wa Mjomba ulikuwa wangu, si wa Musa, mwanawe wa kumzaa, rika langu. Yeye alitakiwa aende kwa wajomba zake, Chiungutwa, akalime. Lakini Musa alibembeleza abaki.

"Baba, nikiijua kazi utaniacha hapa?"

"Tuone kwanza hiyo kengele," Mjomba alimjibu.

Kengele ilikuwa ya shule. Mwalimu mkuu alitaka akibonyeza kitufe ilie kwa muda, kisha inyamaze yenyewe. Mjomba akatupa kazi ya kupima vifaa vya redio mbovu: relei, yaani swichi ndogo inayovutwa na sumaku, na kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme kidogo. Tuliviunga pamoja kwenye betri ya gari, tukabonyeza na kuachia. Relei ilishika, ta. Umeme wa kapasita ulipoisha iliachia, ta. Katikati yake tulihesabu.

"Hamisi, unahesabu kama unakimbizwa na nyuki," Musa alinitania.

"Na wewe kama foleni ya maji."

Nyingi ziliishia mbili au tatu. Kapasita kubwa aliyoiokota Musa kwenye takataka za gereji ilifika kumi na moja. Siku ile aliishika kwa mikono miwili, kama kifaranga.

Asubuhi yake, Musa alipokwenda kuchota maji, nilitaka Mjomba akiingia anikute nimeunga kila kitu peke yangu. Kwa haraka nikaiunga kapasita kinyume, chanya kwenye hasi. Nilipobonyeza ilivimba, ikapasuka na kumwaga maji yenye harufu ile ile. Mjomba akaingia, Musa nyuma yake na ndoo kichwani.

"Nani kaunga hivi?"

"Musa," nilisema. "Kabla hajaenda majini."

 Musa akaitua ndoo taratibu, hata tone lisimwagike. Mjomba alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia mwanawe afungashe nguo. Kesho yake akampakia kwenye baiskeli wakaondoka.

Mimi nilirithi kibanda. Nilikwenda kuungama nikiwa na mvi. Nilimkuta Musa chini ya mikorosho yake, akanisikiliza hadi mwisho.

"Baba alijua," alisema. "Vidole vyako vilikuwa na maji ya kapasita. Njiani aliniambia, 'Nikimrudisha Hamisi, dada yangu nitamtazama vipi?'"

Nikamuuliza kama alilia.

"Mimi hapana. Baba ndiye aliyelia, hadi tukashuka kwenye baiskeli tukatembea."

Kwa miaka mingi nilijiona mjanja niliyemdanganya mtu mzima. Sasa nina watoto na wapwa, najua kwamba Mjomba angeweza kutubakiza wote wawili bila kumkosea dada yake. Alichohitaji ni mimi kusema "ni mimi" pale alipokuwa akinitazama. Alinipa muda wa kutosha.