Mikono Isiyoogopa Moto

Mama alikuwa akiepua sufuria ya mafuta kwa mikono mitupu. Kwetu mtaa wa Buyenzi, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, hilo lilikuwa jambo la kusifiwa. Mwanamke aliyetafuta kitambaa kwanza ndipo aepue alichekwa na wenzake, akaambiwa kuwa bado bibi harusi, jiko halijamzoea. Mama alikaanga maandazi kila alfajiri, na wateja wake wakubwa walikuwa mafundi waliopanda mlimani kwenda kujenga nyumba za mtaa wa Kinanira.

"Mama, moto inakuogopa," walimwambia.

"Mi na moto tulizaliwa pamoja," alijibu akicheka.

Nami nilijivuna. Nilitangaza shuleni kwamba mama yangu anaokota kaa la moto kwa vidole, na nilikuwa nasema kweli.

Alikuwa na baka mkononi, chini kidogo ya kiwiko, jeupejeupe, pana kama kifuniko cha kopo la maziwa. Hatukulijali. Mji wetu una joto na mba ni ya kila mtu. Hata mimi nilikuwa nayo shingoni, nikijikuna hasa nikitoka jasho. Jirani yetu, mwanamke wa Uvira aliyeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sokoni, alijitolea kumsugua mama kwa limau na chumvi.

"Inakuunguza?"

"Apana. Sisikie kitu."

"Basi dawa inakubali!"

Tukashangilia sote. Hakuna aliyejiuliza kwa nini baka lile halijawahi kumwasha tangu litokee. Wala hatukujiuliza kwa nini mama akikaanga, mkono mzima ulilowa jasho, isipokuwa pale tu, pakavu kabisa. Tuliliona hilo kwa macho yetu. Hadi leo nikilikumbuka limau lile napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Asubuhi moja mama alikuwa akipiga soga na jirani huyo, kiganja chake kikiwa juu ya ukingo wa mbabula, jiko letu la makaa. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilidhani andazi limeungua. Nilipogeuka nikaona ni mkono wa mama, nikapiga kelele. Mama aliuinua, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

Kwenye zahanati muuguzi alitoa kipande cha pamba, akakisokota ncha ikawa nyembamba.

"Funga macho, mama. Nikikugusa, sema ndiyo."

Akamgusa shavu. Ndiyo. Akamgusa bega. Ndiyo. Kisha pamba ikashuka kwenye baka, ikazunguka, ikaenda kwenye kiganja, ikapita kidole baada ya kidole. Mama alikaa kimya, macho ameyafumba, na kitabasamu cha adabu cha mtu anayesubiri. Mimi nilikuwa naiona ile pamba. Nilitamani kusema ndiyo kwa niaba yake.

"Anza basi, muganga," mama akasema. "Batoto bananingoja."

"Nimeshamaliza, mama."

Akamweleza taratibu. Ngozi, alisema, si nguo tu ya kufunika nyama. "Iko mulinzi. Ikisikia moto, mukono inaruka mbele we hujafikiri. Kwako mulinzi amelala. Ugonjwa imekula mishipa yenye inasikia."

"Lakini mi siumwe, muganga."

"Ndiyo mubaya yake, mama. Ingekuuma, ungekuja zamani."

Jina la ugonjwa alilisema kwa sauti ya chini, ukoma, lakini mtaani halikuhitaji siku nyingi. Walinong'ona kwa Kirundi, mibembe, wakidhani hatusikii. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba anayekunywa dawa hamwambukizi mtu. Lakini nani hununua andazi kwa neno la muuguzi? Mafundi wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mikono ilikuwa ileile waliyoisifu. Jirani wa Uvira alikuja akasimama katikati ya uwanja, akala andazi lote watu wakimtazama, akajifuta mdomo, akaomba la pili. Hakuna aliyemfuata. Sinia likabaki limejaa, na mama akaacha biashara.

Vidonge alivinywa kwa miaka. Baka lilififia, ugonjwa ukasimama, ila ganzi haikuondoka, na vidole viwili vilijikunja visinyooke tena. Kila jioni alikagua mikono yake chini ya taa kama mtu anayechambua mchele, akitafuta jeraha ambalo halikumwambia kitu. Tulipougua homa alitupima kwa shavu lake. Nililichukia shavu lile, kwa sababu lilinikumbusha mkono.

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, mama alikuja kuniogesha na kumpakata mtoto. Siku moja alimfunua mtoto mgongo, akaupapasa kwa vidole vyake vilivyojikunja, polepole, akirudia na kurudia. Kisha akasimamisha mkono.

"Mutoto wangu, niambie. Iko laini?"

"Laini, mama."

"Laini ya namna gani?"

Nami nikaupapasa mgongo ule, nikasema neno lililokuja.

"Kama unga ya mandazi yenye imeumuka, mama."

Alifumba macho, mkono ukaanza tena kupapasa.

"Iyo nakumbuka," alisema.