Tafadhali Niliyoiruka

Kule Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi, wananiita Afande, na wageni wanafikiri ni jina la heshima, basi bora niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wanaongeza chumvi na aibu yangu ina chumvi ya kuitosha hata bila wao.

Koko wangu (ni nyanya yangu, mama yake mama, kwetu Kivu ukisema "bibi" unasema mke wa mtu, na akisikia unamwita hivyo atakuchapa) alikuwa anaugua macho. La kuume lilikuwa na ukungu, la kushoto lilikuwa linamuuma mpaka kichwani. Zahanati ya kambini wakamwandikia karatasi ya kwenda Mbarara kwa daktari wa macho, ambaye alikuwa amekuja kwa siku mbili tu, na sisi tukapangiwa siku ya pili. Mama alikuwa na kitoto kichanga, kwa hiyo kazi nikapewa mimi: niwe macho ya Koko na mdomo wake, sababu yeye hajui Kinyankore wala Kiingereza. Akaniamuru nivae uniform ya shule, shati la kaki na suruali ya kaki. "Bantu ba hospitali banaheshimu mwanafunzi," alisema. Karatasi akaikunja mara nne, akaniwekea mwenyewe mu mfuko wa shati, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto.

Tulifika asubuhi, benchi limejaa mpaka nje. Muuguzi akasema tutaitwa kwa majina na kila mtu aonyeshe karatasi yake. Nikaangalia watu waliotutangulia, nikaona hapo mtu anaweza hata kuchemsha maharage yakaiva. Na ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha video, na mlangoni ubao wa chaki ukisema: polisi wa Uingereza, ngumi na kicheko.

"Koko, ninaenda kutafuta maji ya kunywa."

"Maji iko mu chupa hapa."

"Hiyo imeshapata moto."

"Basi usikawie. Niko naona kivuli tu, nitajua namna gani nani ananiita?"

"Dakika kumi, Koko."

Hizo dakika kumi mpaka leo hazijaisha.

Ndani hapakuwa na fasi ya kukaa, nikasimama nyuma, mgongo kwenye pazia la mlango. Jamani, ile filamu! Polisi wawili, mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, mwingine mfupi na tumbo lake, hawana bunduki, kofia zao kama sufuria ya kusongea bugali, wanamfukuza mwizi wa benki, na wanavunja kila kitu isipokuwa adabu. Yule mrefu anaruka dirishani, anaangukia keki ya harusi, anasimama na krimu masikioni, anamwomba bibi harusi msamaha, ndipo anaendelea kukimbia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. (Mimi nimevuka mipaka na familia yangu, wenye uniform nimewaona wengi, lakini aliyeomba msamaha nilimwona kwenye ile filamu tu.)

Sasa, pale mbele alikaa mtu aliyekuwa anatafsiri kwa Kiganda kwa kipaza sauti, na kipaza sauti kikafa. Watu wakabaki wanatazama kimya. Na mimi, kwenye video ya Kashojwa, mtafsiri wa Kiswahili ni nani? Ni mimi! Nasimama nyuma, naitoa sauti tumboni, watu wanapiga makofi. Mdomo ulishazoea. Yule mrefu akaingia mkahawani walipojificha wezi, akainua kidole, akasema kwa upole: mikono juu, tafadhali, na asitoke mtu. Nikaona hiyo "tafadhali" itaniharibia. Polisi gani huyo? Nikairuka.

"MIKONO JUU! HAKUNA MTU KUTOKA!"

Nilisahau kitu kimoja. Kwetu Kiswahili ni cha sokoni, cha kanisani, cha kumbembelezea mtoto. Mbarara, ukisikia Kiswahili kimepigwa kwa sauti nyuma yako gizani, ni askari. Na upepo ukapeperusha pazia, mwanga ukaingia, watu wakageuka, wakaona mtu mwenye kaki amesimama mlangoni.

Mle ndani walikuwa wanafunzi waliotoroka shule na vijana wa bodaboda wasio na leseni. Wa mbele waliinua mikono kweli. Waliobaki walipita kwenye ukuta wa matete, ukuta ukaenda nao, na mimi pia nikakimbia (sijui nilikuwa namkimbia nani), mtu akanishika shati, likapasuka, nikaanguka, televisheni ikaanguka, na wa mwisho kunishika alikuwa mwenye kibanda. Yeye hakukimbia. Akanivuta mpaka kituo cha polisi.

"Wewe ndiyo polisi?" afande aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Hapana, afande. Nilikuwa natafsiri. Yule mzungu alisema na tafadhali, mimi nikaiacha."

"Sema vile wewe nasema."

Nikasema. Akacheka, akamwita mwenzake wa uani. "Sema tena, na ongeza sauti." Nikasema tena. Kila afande aliyeingia nilisimamishwa, nikasema, wakapigana mabega.

"Tafadhali, afande, koko wangu ananingoja hospitali, haoni."

"Kumbe tafadhali wewe najua!" akasema, na wakacheka kuliko mara zote.

Hapo ndipo nilipoweka mkono kifuani, nikakuta nyama. Mfuko ulikuwa umeondoka na kipande cha shati, na karatasi ya Koko ndani yake.

Waliniachia saa tisa. Kwenye kibanda nilipekua matete yote, hakuna. Hospitali, benchi lilikuwa tupu, Koko peke yake katikati, ameelekeza uso kwenye ukuta akifikiri ni mlango.

"Bameniita mara tatu," alisema. "Nimeitika. Bameuliza karatasi, nikasema iko na mtoto, ameenda kutafuta maji." Akanyoosha mkono. "Leta basi. Niko na kiu."

Sikuwa na maji, nikakiri nilikuwa kwenye filamu. Daktari alikuwa ameshaondoka.

Karatasi nyingine ilichukua miezi, na daktari kurudi ilichukua miezi mingine. Alipommulika jicho la kushoto hakukawia hata kidogo. "Hili limeshakufa," alisema kwa Kiingereza. "Mngekuja mapema." Na mtafsiri nilikuwa mimi. Safari hii sikuruka neno.

Koko alinishika kiwiko mpaka tukakaribia nyumbani. Kisha akasema, "Ile filamu yako. Nielezee."

Nikamweleza yote, keki, kofia, mpaka mkahawani.

"Polisi anasema tafadhali? We mwongo mingi."

"Kweli, Koko."

"Na weye ukaiona haifai."

Siku hizi wakionyesha filamu Kashojwa namkalisha pembeni yangu, namnong'oneza kila kitu, nani amevaa nini, mlango uko upande gani. Kupiga kelele gizani nimeapa sirudii. Na tafadhali naitafsiri kila mara, hata pale ambapo mzungu mwenyewe hakuisema.